Samli Kwenye Usukani

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa wa Kaagya, nje ya mji wa Bukoba, mzee wa kanisa, na kwa sababu ambazo hakuwahi kumweleza mtu, mwenye gari la mbio. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, halina paa. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, mwaka ambao kahawa ilikuwa na bei nzuri na watu wenye akili walikuwa wananunua mabati. Mama alipoliona aliuliza ndizi zitakaa wapi. Baba akajibu kwamba gari hilo si la ndizi. Mama akarudi shambani kwake na habari za gari hakuziuliza tena.

Siku hizi usukani una pampu na mafuta yake mepesi, dereva anauzungusha huku anapiga soga. Enzi za Mwingereza, katika gari kama lile, pampu ilikuwa mikono yako mwenyewe. Chini ya usukani palikuwa na boksi la chuma lenye meno ndani, na meno hayo yalitaka mafuta. La kwetu lilikuwa limekauka. Baba akikata kona, usukani ulilia kama mlango wa ghala, naye, ndani ya kanzu na koti, aliinuka kitini ili ausukume kwa kifua.

Jambo hilo lilinihusu sana. Nilikuwa nimemaliza ualimu na nimepata kazi katika shule ya misioni, Kamachumu. Nilitakiwa nifike Jumamosi kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Baba hakukataa. Alifanya jambo la hatari zaidi: alisema atanipeleka mwenyewe.

"Binti yangu hapandi lori la kahawa kama gunia," alisema, na kazi yangu ikawa imefungwa kwenye usukani ule.

Jumatano tulikwenda Bukoba kwa Mhindi mmoja muuza vipuri. Nilikuwa na kijitabu cha gari, cha Kiingereza, ambacho nilikuwa nimekisoma kwa bidii kuliko kitabu chochote cha chuo. Nikasema kinataka mafuta ya gia, yale mazito, wala si ya injini.

"Mwalimu anasema kweli, mzee," Mhindi alisema. "Ya injini nyepesi, itavuja yote njiani. Chukua hii. Jaza mpaka ifike kwenye tundu, halafu funga."

Baba alifungua kopo, akanusa, akakunja uso.

"Yai viza."

"Inanuka, lakini inafanya kazi."

"Hata mchawi anafanya kazi," baba alisema, akalirudisha kopo juu ya meza.

Nje nilimuuliza, kwa adabu iliyokuwa inaelekea kuisha, sasa tutatia nini. Akasema nyumbani kuna samli. Bibi alijipaka samli magotini na akatembea mpaka uzeeni. Ngozi ngumu hulainishwa kwa samli. Mgeni wa heshima huwekewa samli. "Kiungo ni kiungo," alimaliza, na mzee wa kanisa akishamaliza, amemaliza.

Alhamisi aliyeyusha chungu kizima akakimimina ndani ya boksi. Mama alisimama mlangoni akiitazama samli yake ikizama kwenye chuma. "Mawe!" alisema, yaani "mama yangu!" kwa lugha ya kwetu. Na hebu fikiria, usukani ukalainika! Baba aliizunguka nyumba mara tatu, gari linanukia harusi, mbwa wawili wa jirani wanalifuata nyuma. Nilipaswa kufurahi. Nilikasirika, kwa sababu nilichukia kushindwa na samli.

Jumamosi tuliondoka mapema. Mpaka Bukoba hatukupata tabu, na mpaka Muhutwe pia, ambako njia ya mlima inaanza. Hapo baba alisimama kumsalimu rafiki yake. Tuliletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyopasa. Baba hutafuna punje mbili na kuaga. Siku ile alitafuna kama mtu aliyelipwa. Aliuliza hali ya watoto, kisha ya wakwe, kisha ya ng'ombe, mmoja mmoja. Ukungu ukashuka, manyunyu yakaanza kulilowesha gari letu lisilo na paa, na mimi nikawa nahesabu punje.

Tulipoanza kupanda, kona ya kwanza ilikwenda. Ya pili baba aliguna. Ya tatu usukani ulikataa kabisa, na gari likaingiza pua kwenye mgomba wa watu.

"Samli imeganda," alisema. Kisha, upesi mno: "Basi, turudi. Tutawaandikia barua."

Nilimtazama. Alikuwa anayatazama majani ya mgomba kana kwamba hajawahi kuona mgomba.

"Baba, ulijua?"

"Samli huganda hata jikoni kwa mama yako siku ya baridi. Nani asiyejua?" Akajifuta manyunyu usoni. "Nilidhani itaganda Muhutwe, palipo na watu. Huku imetuaibisha." Akaondoa jani la mgomba lililomwangukia kotini. "Nyumba itakuwa kubwa bila wewe, mwanangu."

Nilimkasirikia, na nilimpenda, vyote viwili kwa pamoja. Sikujua kipi nikiseme kwanza, kwa hiyo nilishika usukani upande wangu nikasema, "Vuta."

Akavuta. Hilo nalitolea ushahidi mbele ya mtu yeyote: baba alivuta kuliko mimi. Kona baada ya kona, mikono minne kwenye usukani mmoja, yeye akiita "Kulia!" na mimi "Kushoto!", tukaingia Kamachumu viganja vimechubuka, na saa sita bado. Niliandikisha jina langu.

Kisha lilibaki gari, maana kwa usukani ule baba asingeuteremka mlima salama. Nilinunua kopo la mafuta ya gia dukani, lile lile la yai viza, nikaomba maji ya moto jikoni mwa shule. Nikalikanda boksi kwa vitambaa vya moto, nikalegeza kifuniko cha chini, na samli ya mama ikachuruzika majanini. Nilipokwisha kukikaza, baba alikunja jani la mgomba akalishika juu ya tundu ili nimimine.

"Mimina polepole," alisema. "Pengine tuyaache yatulie mpaka Jumatatu."

"Baba."

"Haya."

Nilijaza mpaka kwenye tundu, nikafunga. Aliingia, akakusanya kanzu yake, akaligeuza gari pale uwanjani kwa mkono mmoja tu, bila sauti, huku kwa mwingine akinipungia. Liligeuka kwa wepesi wa ajabu. Nilikuwa nimefanya kazi safi, na nilisimama pale na kopo tupu nikitamani ningekuwa nimekosea kidogo.