Filamu ya Mtawa Imeniharibia kwa Mama Mkwe

Bila mimi, leo Malaba haingejua amani ni nini!

Kanisani wameonyesha filamu fupi. Mtawa wa Kibudha anapita katikati ya vita vya Vietnam, mikono mitupu, akihubiri amani.
Kizungu kitupu. Nani atafsiri? Mimi, niliyeishia darasa la nne.
"Anasema msikimbie! Kaeni chini!"

Ghafla nje, paa!
Nikajua ni bunduki, na mnajua wanajeshi wa ng'ambo ya mpaka walivyo.
Watu wakakaa, kama nilivyowaambia.
Mimi nikajikuta chini ya meza, nimemkumbatia mtu aliyenitangulia huko.

"Baba Nekesa, ni tairi ya lori. Niachilie."

Mama mkwe! Ambaye kwa desturi hata mkono sijawahi kumpa!

Hata sasa situlii. Semeni, nipeleke mbuzi wa kuomba radhi?
Maana, kusema ukweli, aliniambia mara mbili ndio nikamwachilia.