Tope la Viatu vya Mpira

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke. Viatu vya kuchezea mpira vya mjukuu wangu vikikaushwa juu ya hita hapa ughaibuni, Hounslow, harufu ya tope lake hunipandisha hasira.

Nilipokuwa mtoto kule kwetu, siku moja kimbunga kilikuwa kinakuja. Timu ya mpira ya chuo alichofundisha baba ilikuwa imefungwa kila mechi msimu mzima.

"Baba watoto, tukaze kamba za paa," mama akamwambia.

"Leo tunashinda," akajibu, akaenda zake uwanjani.

Mama akapanda, mimi nikamshikia ngazi. Upepo ukamtupa chini. Mkono wake haukunyooka tena. Baba akarudi katapakaa tope. "Wametufunga tena."

Juzi televisheni ilitangaza dhoruba. Mwanangu akavaa koti aende kwenye mechi ya mwanawe, mkewe yuko nje kashikilia uzio peke yake. Nikasema, "Vua koti! Hatoki mtu humu mpaka uzio ule ukazwe."