Mwali wa Uchina

Jamani, aibu niliyoivaa Uchina, hata nikiwa nabangua korosho peke yangu huku Masaki (yetu ya Kisarawe, ya mihogo, siyo ile ya mabwanyenye) nikiikumbuka najifunika uso.

Nilikwenda kumwona mjukuu wangu Zuhura, anasoma huko, akanipeleka kwenye lijumba likubwa, watu kama siafu, vijana wanauza vitabu vya katuni walivyochora na kuchapisha wenyewe, vya wale watu wa kwenye sinema wanaowapenda, na yeye kachora chake mpaka kapata meza. Akanionya, "Bibi, kaa hapahapa. Tukiziba njia wanatufungia meza, na hiki kitabu nimekihangaikia mwaka mzima."

Nikakaa. Sasa miguu yangu mnaijua, mara inatekenya, mara inawasha, nikasema ngoja ninyooshe kidogo tu (kidogo hiyo ndiyo iliyoniponza). Sijafika mbali, namwona mwali! Kapakwa uso, shanga mpaka kiunoni, kainamisha kichwa, hasemi, watu wamemzunguka wanampiga picha. Kumbe na Wachina wanatoa mwali nje! Lakini kimya hivyo, hana somo wa kumfunda, hana shangazi? Mzaramo mie nitazame tu? Nikaachia kigelegele ukumbi wote ukageuka, nikashika kiuno nikakata mdundiko, watu makofi, wakajaa, njia ikaziba ndi, nikavua kanga ya juu nimtunze mwali, nikamfunika, nikaivuta ikae vizuri, nywele zote zikaja na kanga. Kichwa kipara. Na kikoromeo hiki hapa!

"Zuhura! Mwali dume!"

"Bibi! Huyo kavaa kama mtu wa kwenye katuni!"

Anakuja analia, nyuma yake mlinzi anaonyesha meza yetu: fungasheni. Nikaona mwaka mzima wa mtoto unaingia kwenye boksi kwa ajili ya miguu yangu. Nikapiga magoti, namlilia mlinzi Kizaramo, namlilia Kiswahili, hasikii. Ndipo yule mwali, kanga mabegani, anacheka mpaka rangi zinamchuruzika, akamsemesha mlinzi Kichina chao.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Meza inabaki," Zuhura akajifuta machozi. "Wewe ndiyo unatoka nje, mke mwenzangu."

Nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi na baridi lile, nainuka, nakaa, nachungulia mlangoni, mpaka mtoto akatoka na boksi tupu, kitabu kimeisha.

Naapa, ngoma ya watu siingii tena kabla sijauliza ni ngoma gani. (Ila kigelegele kile, jamani, kilitoka kitamu.)