Mtu Asiye na wa Kumuaga

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, jua la Muyeye linawaka mpaka mabati yanalia, nami nimekaa uani nikiwasomea wanawake habari za mtu anayekaribia kufa kwa baridi. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu. Mama yako hatakasirika. Kaa. Najua hupendi kukaa, hata shikamoo siku hizi unanipa ukiwa mbioni. Mimi pia sipendi. Miguu yangu imezeeka lakini haijatulia, na ukiniona nauzunguka ua huu tangu asubuhi, si kwamba natafuta kitu.

Enzi hizo mama yangu na majirani walikuwa wakishona makuti ya kuezekea. Unakunja jani la mnazi juu ya ufito, unalishona, unakunja jingine, na mgongo unauma kuliko mikono. Mimi nilikuwa mvivu wa kazi ile. Basi wakakata shauri wenyewe: Rehema asome, sisi tutamshonea fungu lake. Vitabu vilikuwa vya marehemu baba, aliyekuwa dobi katika hoteli moja ya ufuoni. Wageni waliviacha vyumbani vimevimba kwa maji ya chumvi, naye akiambiwa avitupe, akavileta nyumbani. Vilikuwa vya Kizungu, kwa hiyo nilisoma mstari kwa macho na kuutoa kwa Kiswahili.

Vingi vilikuwa vya kaskazini ya mbali. Nadhani wageni wale, wakiwa kwenye joto letu, waliitamani baridi yao kama sisi tulivyoitamani. Mito imeganda hata mtu anavuka kwa miguu. Mbwa wanavuta mizigo juu ya theluji. Na mtu mmoja peke yake, ana bunduki na kibiriti, anakwenda mahali ambapo hajafika mtu.

Walivyovipenda, we acha tu. Bi Mwanahamisi, mcha Mungu kutupita sote, alihangaika na udhu wa yule mtu: maji yamekuwa jiwe, mchanga umefunikwa, atatayamamu na nini? Nikamwambia huyo si Mwislamu. Akasema hata hivyo. Kadzo, jirani yetu aliyeolewa kutoka Adu, yeye alitaka kujua mbwa wale wanalishwa nini, na nani amebaki akimwangalizia shamba lake. Halafu akauliza swali ambalo mimi msomaji sikuwahi kulifikiria.

"Kwani huyu hana mamaye?"

Nikapekua kurasa nilizokwisha kuzisoma. Hakuwa naye. Wala hakuna mtu aliyekuwa na mama katika kitabu chochote kati ya vile. Mtu wao huanza akiwa tayari njiani. Wanawake wakacheka, wakaendelea kushona. Mama yangu peke yake hakucheka.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo mama hakulijua, au ndivyo nilivyodhani. Mwalimu wangu wa zamani alinitafutia kazi ya kufundisha Marsabit, kaskazini yetu wenyewe, naye alitaka jibu kabla ya Ijumaa. Niliitaka kazi ile mpaka nikawa silali. Si kwa sababu ya kazi, mwanangu. Nilitaka kwenda mahali nisipojua njia, maana Muyeye kila kichochoro nilikijua, na kila kichochoro kilinijua mimi kuwa binti wa dobi. Lakini mama alikuwa mjane na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nikapanga kuondoka alfajiri akiwa anaswali, kisha Kadzo amweleze. Nguo zangu nilishazifunga ndani ya kanga.

Alasiri hiyo ninayokwambia tulikuwa tumefika mwisho wa kitabu. Yule mtu yuko ukingoni mwa mto na barafu imeanza kupasuka. Nyuma yake kuna kibanda chenye moto, mbele kuna milima. Nikatupa jicho upande wa pili, ukurasa haupo. Mwisho wote umeng'olewa. Mikono ya wanawake imesimama, wananingoja. Nikamtazama mama, kanga imemteleza begani wala hajairudisha, nikaingiwa na huruma na hofu kwa pamoja. Nikasoma yasiyoandikwa. Nikasema yule mtu aligeuka, akarudi kibandani, kisha akarudi kwao, akaishi na watu wake kwa raha.

Bi Mwanahamisi akamshukuru Mungu. Wakakusanya makuti yao, wakaenda zao. Mama akabaki.

"Hukupindua ukurasa," akaniambia.

Nikakifunga kitabu.

"Mimi sijui kusoma, Rehema, lakini macho ninayo. Mtu aliyetoka namna ile harudi kwa maneno mawili. Wewe ndiye uliyemrudisha, na umemrudisha kwa ajili yangu." Akauvuta ufito mwingine, akauweka tena chini. "Mimi sitaki kurudishiwa mtu. Nataka kuagwa."

Nililia, na sioni haya kusema. Nikamwambia yote, Marsabit, Ijumaa, mpaka lile fundo la nguo. Kumbe fundo alikuwa analijua. Alilikuta chini ya kitanda akifagia, akaliacha pale pale, akangoja niseme mwenyewe. Usidhani hakukasirika, kesho yake alishinda bila kusema nami. Lakini asubuhi ya safari alisimama mlangoni, akauinua msahafu kwa mikono miwili, nami nikainama nikapita chini yake kama wasafiri wa kwetu wanavyopitishwa.

Marsabit niliyofika haikuwa na theluji. Kulikuwa na vumbi, na upepo, na ukungu wa mlimani asubuhi, na watoto waliokicheka Kiswahili changu cha pwani. Nilipotea njia mara nyingi, kama nilivyotaka. Kila likizo nilirudi, na kila nilipoondoka nilipita chini ya mikono ile ile, mpaka likizo moja nikaikuta haipo.

Basi, Zuhura. Unarudi kutoka chuo kule Kilifi unajifungia na simu yako. Uliniambia mwenyewe unasoma hadithi za theluji na mbwa mwitu, nikafurahi kuwa bado zipo. Lakini jana nimeligeuza godoro lako lipigwe jua, nikakuta glavu za sufu. Glavu za sufu, Muyeye, na joto hili. Nimezirudisha nilipozikuta. Nilitaka kungoja useme, ila subira ya mama yangu sikuirithi.

Soma, mwanangu, sikukatazi. Vitabu vile ni vitamu kwa sababu mtu wake hana wa kumuaga. Akifunga mlango hakuna anayebaki nyuma yake. Wewe unao. Ukitaka kwenda, nenda. Moyo usiotulia si ugonjwa, na huo wako umeutoa kwangu. Usijizuie kwa ajili yetu ukaja kutulaumu uzeeni, lakini usiondoke kama mtu wa kitabuni. Mwambie mama yako mapema, akasirike akiwa bado anakuona.

Mungu akufungulie njia, akukinge na baridi na watu wabaya, akupe wa kukukaribisha huko uendako, na siku ya kurudi utukute. Msahafu uko juu ya kabati. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, lakini kuuinua kwa muda wa mtu kupita, bado inaweza.