Makohozi ya Kuazima

Dorkasi Semboja wa Masuguru, mjini Korogwe, hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Nusu anakunywa amesimama mlangoni, nusu inapoa mezani huku yeye ameshafika nyumba ya tatu kumuuliza mtu kwa nini amekonda. Akiingia kanisani, waumini wanabana vikohozi mpaka macho yanatoka. Kuna Jumapili mzee mmoja wa kwaya alijibana sala nzima, kikamponyoka kwenye "amina". Jumatatu asubuhi Dorkasi alikuwa mlangoni kwake na kikopo.

Hicho kikopo ndiyo kazi yake. Ni mmoja wa watu waliopona kifua kikuu wanaojitolea kutafuta wanaokohoa zaidi ya wiki mbili. Wanawapa kikopo cha kutemea makohozi, kisha wanakipeleka maabara. Kwenye semina moja pale Tanga waliambiwa kuwa hata India na Peru wako watu kama wao wanaozunguka vijijini. Dorkasi akanyoosha mkono: "Na huko wanapewa nauli?" Mtoa semina akanywa maji.

Yeye aliugua miaka sita iliyopita, akifanya kazi kwenye mkonge kule Mnyuzi. Miezi minne alisema ni vumbi la mkonge. Alipopimwa na kuanza dawa, mama yake aliyekuwa akilala naye chumba kimoja alikuwa ameshaambukizwa. Dorkasi alipona. Mama hakupona.

Mwaka huu zamu ikamwangukia Jabiri, jirani yake, kijana anayechimba dhahabu kwenye machimbo madogo upande wa Kang'ata, Handeni, na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Jabiri alikuwa anakohoa, na mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari. Akapewa kikopo, akaenda nacho machimboni. Kikarudi kupitia kwa Habakuki, fundi cherehani wa Kang'ata anayejitolea kama Dorkasi. Jibu likatoka: hana vimelea.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Dorkasi alikaa na jibu lile kama aliyekalia siafu, halafu akaenda kwa Amne, mke wa Jabiri, ambaye kama majirani wote humwita mama Glory.

"Shikamoo mama Glory."

"Marahaba mwanangu. Mumeo akija analalaje?"

"Analowa, mama. Asubuhi shuka naikamua kama nimefua. Lakini si mmesema mzima?"

"Karatasi ndiyo imesema. Mimi sijasema kitu. Mtoto analala wapi?"

"Katikati yetu." Mtoto alikuwa na miezi minne. "Na sasa hata kuja haji. Kesho saa nne asubuhi wanapanda lori kuhamia Chunya, kuna dhahabu mpya. Mpaka Desemba."

Dorkasi aliona hesabu yote. Bila jibu la kweli la baba, mtoto hapewi dawa ya kinga. Baba akishapanda lori, jibu limekwenda naye. Akaondoka bila kuaga, akadandia basi la Handeni, na njiani akampigia Habakuki.

"Kikopo cha Jabiri ulikipokea kwa nani?"

"Kwa Athuman, yule wanayechimba naye shimo moja."

"Jabiri ulimwona akitema?"

Mlio wa cherehani ukakatika. "Dada, siku ile nilikuwa na sare za shule kumi na nane."

Machimboni alianza na Athuman, jitu lenye kifua kama gunia la mahindi. "Mafua yako yameisha?"

"Yameisha mama, yalikuwa mafua tu…" Akashusha sururu. "Nani kakwambia nilikuwa na mafua?"

"Kikopo." Alikuwa amebahatisha tu: mtu mzima hatoi makohozi bila mafua.

Athuman akajikuna kisogo. "Mama, huku tunaazimana kila kitu. Sururu, ndoo, kandambili. Enock mwenye shimo akijua una kikohozi kisichoisha, anakutimua siku hiyohiyo. Ndiyo nikamsaidia mwenzangu."

"Mkaazimana na makohozi."

"Yangu si yalikuwa mazuri?" alisema, tena kwa fahari.

Jabiri alikuwa amejificha nyuma ya rundo la mawe. "Mama Glory, niache. Nikipata Chunya nitajitibu mwenyewe."

"Na mwanao atajitibu na nani?"

"Enock akisikia, sina kazi."

"Mimi nililala na mama yangu miezi minne kwa ajili ya aibu. Nikueleze alivyokuwa anapumua mwishoni?"

Dorkasi akamnyooshea kikopo kipya. Jabiri hakukipokea.

Pale palepale Dorkasi angeweza kulimaliza. Neno moja tu mbele ya wachimbaji, na hakuna ambaye angekubali kupanda lori na Jabiri. Lakini jina la mgonjwa halitoki mdomoni mwa mhudumu, hilo ndilo la kwanza walilofundishwa. Neno lilimchoma ulimi. Alilizunguka lori lililoegeshwa pale mara mbili, akapiga tairi teke, akaenda kwa Enock.

"Mzee Enock, unasafirisha watu bila kuwapima?"

"Wangu wazima wote. Anayekohoa namfukuza."

"Basi atakohoa nani mbele yako? Nipe nusu saa. Nawataka wote kwenye mstari, na wewe humohumo."

"Mimi ndiye bosi hapa."

"Mapafu yako yameshaambiwa?"

Wachimbaji wakaangua kicheko. Kwa kicheko kile Enock hakuwa na pa kutokea. Akasimama wa kwanza.

Habakuki akaja na boksi la vikopo, amenywea kama aliyefumaniwa. Safari hii hakuna kwenda kichakani. Kila mtu alisimama peke yake upepo unapoelekea, akavuta pumzi mara tatu, akakohoa Dorkasi anamwangalia, na jina likaandikwa kabla hajasogea. Waliotema mate walirudishwa. "Haya ya mdomoni kampe mkeo. Mimi nataka ya kifuani." Athuman alijitolea kutema mara mbili, akafukuzwa. Jabiri alikuwa wa saba. Hakuwa na wa kumwazima.

Habakuki akawasha pikipiki kwenda Handeni. Dorkasi alilala nyumbani kwa Habakuki, kama kulala ndiyo kule. Alfajiri mke wa Habakuki alimkuta anafagia uwanja usio wake.

Saa tatu asubuhi majibu yakaja. Wenye kifua kikuu walikuwa wawili. Dorkasi alimwambia Jabiri kwanza, naye akarudi zake kwenye lori; kisha akamwita wa pili ndani kwa Habakuki, kwenye cherehani, akafunga mlango. Wa pili alikuwa Enock.

"Hilo ni vumbi la mawe," alisema Enock.

"Hata mimi nilisema vumbi."

Enock akavua kofia. Akakohoa, kikohozi kirefu cha mtu aliyekitunza muda mrefu. "Miezi mitatu nasubiri karasha liwashwe lisage mawe ndipo nikohoe," alisema. "Wasinisikie."

Nje lori lilikuwa linanguruma, vijana wameshapakia magodoro. Enock akamwambia dereva azime. "Mimi nina kifua kikuu," akawatangazia mwenyewe, bila kuulizwa. "Naenda Handeni kuanza dawa. Nikirudi, kila mtu ana kazi yake. Kuna mwingine wa kwenda?"

Jabiri akashuka kwenye lori na godoro lake kichwani, akalitua chini.

"Mimi," alisema.

Athuman akamwangalia, akaangalia blanketi walilokuwa wakijifunika wote wawili, akasema yeye atakuja kupimwa tena mwezi ujao, na mwezi wa baada ya huo.

Kwenye kliniki ya Handeni, nesi alimmiminia Jabiri vidonge kiganjani. Jabiri akavishika tu. "Mama Glory, na mtoto?"

"Amne nimempigia saa tatu na dakika tano. Muda huu wako kliniki Korogwe, mtoto anapimwa uzito apewe dawa yake. Meza."

Akameza, akashushia na maji.

"Fungua mdomo," alisema Dorkasi.

Akafungua.

"Inua ulimi."