Mbavu za Baba Mkwe

Nilikuwa sijamaliza mwaka kwenye ndoa pale baba mkwe alipoletwa kwetu Ngokolo kutoka kijijini, upande wa Songwa, akikohoa mpaka kofia inamdondoka. Ilikuwa miaka ya sabini. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha pamba, na msimu ukikolea ruhusa hupati hata ukifiwa. Ikaniangukia mimi nimpeleke mzee hospitali.

Sasa, kwetu Wasukuma mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Kwa hiyo tulikwenda yeye mbele, mimi nyuma kabisa, kama mtu anayemnyatia mwizi.

Daktari alimsikiliza kifua, akasema apigwe picha. Kwenye chumba cha eksirei tulimkuta kijana wa Pwani, mcheshi, Kisukuma hajui hata salamu. Baba mkwe naye Kiswahili chake kiliishia kwenye "marahaba".

"Dada, mwambie mzee avue shati."

Nikainamia vidole vyangu vya miguu.

"Dada?"

"Siwezi. Huyu ni baba mkwe wangu."

"Haya, mwambie baba mkwe wako avue shati."

Nikageukia ukuta. Nikauambia, kwa Kisukuma, kwamba humu ndani kuna mtu anaombwa atoe shati. Baba mkwe akaujibu mlango: aliyesema hivyo aambiwe kwamba shati ni zima, halijachanika popote, litolewe kwa nini? Nikaurudia ukuta kwa maelezo zaidi. Kijana akatutazama kwa zamu, halafu akauchungulia ule ukuta, nadhani kuona kama kuna mtu wa tatu.

Mwishowe shati likatoka. Najua kwa sababu nilisikia vifungo. Macho nilikuwa nimeyafumba.

"Mwambie avute pumzi, aibane. Asipumue."

Nikauambia ukuta. Mashine ikanguruma. Kijana akachukua filamu yake akaingia chumba cha giza, na mimi nikachomoka nje kabla sijapewa neno jingine la kutafsiri.

Hakuna aliyemwambia mzee apumue.

Mara mlango ukafunguka kwa kishindo. Akatoka kifua wazi, mashavu yamevimba, macho yamemtoka, ananyooshea kidole mdomo wake.

"Pumua, baba! Pumua!" nikapiga kelele, nikimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Akapumua. Upepo wake ulinipeperusha khanga. Kisha tukagundua tunatazamana. Yeye akarudi ndani mbio, mimi nikajifunika uso, na wagonjwa kwenye benchi wakasahau magonjwa yao kwa kucheka.

Picha ilipokauka, daktari aliishika dirishani. "Njoo uone, mama. Hizi hapa mbavu za mzee."

"Daktari, nisamehe. Shati tu limenishinda, ndio nioneshwe mifupa?"

Akanisogezea hata hivyo, nikaona. Mbavu zimejipanga kama fito za paa, na upande wa kulia, chini, kuna kitu kama wingu. Kichomi, akasema. Mzee akachomwa sindano asubuhi na jioni, akapona vizuri, akaanza kudai ugali uwe mgumu zaidi.

Mama mkwe alipokuja kumchukua, nilikaa jikoni nikiogopa kesi. Nikasikia sauti ya mzee kutoka sebuleni, akimwambia mkewe:

"Muulize ng'winga, hizo mbavu zangu zilikuwaje?"

Ng'winga ndiye mimi, mke wa mwanawe. Nikajibu nikiwa nimeinamia sufuria:

"Mama, mwambie baba zimenyooka vizuri. Hakuna hata moja iliyopinda."

Mzee akadakia:

"Umesikia, mke wangu? Na wewe miaka yote hii unasema nimepinda."

"Wamepiga kifua hao," mama mkwe akasema. "Wangepiga mgongo tungeongea."