Sauti ya Komanda

Leo watu wa Bunia wanasema eti michezo ya amani ililetwa na wageni wenye magari meupe. Waongo. Niliileta mimi, fundi wa matofali niliyeacha shule kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Vita ilipogawa mji mtaa kwa mtaa, nilikusanya watu nyuma ya tanuru yangu pale Shari, nikawaambia tutacheza teatri sokoni. Mwalimu mmoja alinicheka. Yeye nani anamukumbuka?

Nilikuwa na sheria moja: kila mtu acheze adui yake. Si kwa matusi. Nilitaka salamu yao, kikohozi chao, namna wanavyovuta neno mwishoni. Mama mmoja wa kabila la upande wa pili, aliyeolewa kwetu, alitufundisha. Ukikosea, unarudia mpaka jasho.

Aliyetushinda wote alikuwa kinyozi. Alipofungua kinywa sokoni, wanawake waliofiwa walicheka, halafu mmoja akalia: "Iko nasema kama jirani yangu wa zamani!" Hiyo ndiyo kazi yangu. Hakuna mkutano uliowahi kuifanya.

Siku ile tulitoka sokoni na jua bado kali, tukafika bariyeri ya askari wa kabila letu: mti uliolazwa juu ya madumu, na watu wamepanga mstari. Pale walikusalimia tu. Kwa jibu lako walijua wewe ni wa wapi.

"Habari ya kutoka?" askari akamuuliza kinyozi.

Akajibu. Lakini ulimi ulikuwa bado kwenye mchezo. Neno likavutika mwishoni.

"Huyu ni wa kule!"

"Hapana, kaka! Niko wa kwenu! Nilikuwa nacheza!" Kadiri alivyoogopa ndivyo maneno yalivyozidi kuvutika. Wakamupigisha magoti.

Nikatoka kwenye mstari. Wengine wote walitazama viatu vyao.

"Komanda, muache. Ni mutu yangu, ni wa kwetu. Mimi ndiye nilimufundisha kusema vile."

Komanda alikuwa mnene, na kila maneno machache alifyonza meno, tss, kama mtu mwenye nyama iliyokwama. Alimuita kila mtu "mwana yangu" kabla ya kumupiga.

"Basi, mwana yangu, tss, kama anajua kucheza, acheze mimi. Nikijiona, atapita. Nisipojiona, atabaki hapa, chini."

Kinyozi akasimama. Akanitazama, nikamuitikia kwa kichwa. Akasukuma tumbo mbele, akaweka mkono kiunoni. "Mwana yangu, tss, leta ile kuku, tss, inatishia usalama ya mji." Askari mmoja alianguka kwa kicheko juu ya mifuko ya mchanga. Akina mama wenye mihogo walijiziba midomo kwa vitenge. Komanda alicheka kuliko wote, mpaka machozi.

Akajipangusa. "Kweli, ni mimi." Akachukua bunduki ya aliye karibu, akamupiga kinyozi mdomoni kwa kitako chake. "Sasa pita."

Nilimubeba kwa baiskeli yangu. Meno ya mbele yaliisha, juu na chini. Infirmier wa zahanati akamushona mdomo kwa uzi wa nguo.

Alipoanza kupita tena pale bariyeri, askari walingoja komanda aondoke kisha wakamuzuia. "Fanya chef, fanya komanda! Bila chef hupiti." Akafanya. Kwa lile pengo, ile tss ilitoka safi kuliko ya mwenyewe. Mstari mzima ukacheka, ukaibeba mpaka sokoni. Wauza samaki wakaanza kumwambia kila mtoza kodi "mwana yangu, tss." Ikafika mahali komanda anatoa amri na askari wake wanageuka kuficha meno. Mtu hawezi kuogopwa namna hiyo. Wakubwa wake wakamupeleka upande wa Mongbwalu. Anayetaka kubisha abishe: teatri yangu ndiyo ilimuondoa.

Wakaja askari wapya na komanda wao. Kinyozi akafika, na kabla hajaulizwa akasukuma tumbo, akafyonza: tss. Hakuna aliyecheka. Hawakumujua yule wa zamani.

"Weye, mudomo yako iko na nini?" komanda mpya akauliza.

"Hakuna kitu, chef."

"Kaa pale."

Akakaa juu ya dumu walilomuonyesha, akaanza kumutazama komanda mpya, namna anavyojikuna shingo.